Ukikosa Awamu, Fedha Zako Bado Zina Hesabu

Karne ya 19, mwenye shamba la mikarafuu Unguja aliyebanwa na shida aliuza kwa bei ya khiyari. Hati ilimpa shamba mkopeshaji, mara nyingi tajiri wa Kihindi wa mjini, kwa fedha pungufu ya thamani yake. Muuzaji akabaki shambani akilipa ijara. Akileta fedha ndani ya muda, shamba lake. Muda ukipita, limekwenda. Kwa nje yalikuwa mauzo, kwa ndani ni deni lenye rahani, na riba imevishwa jina la ijara. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, wengi walikosa hata cha kuvuna, lakini tarehe ya kwenye hati haikusogea. Madeni ya wenye mashamba yakazidi kujaa, hadi mwaka 1934 serikali ya ukoloni ikazuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa watu wa jamii nyengine bila ya idhini ya Balozi Mkazi wa Uingereza.

Leo, katika kijiji cha Bwejuu huko huko Unguja, anayechelewa ni mnunuzi, lakini dhulma ni ile ile: aliyeshika hati anachukua vyote kwa sababu tarehe imepita. Tuseme kiwanja kimeuzwa shilingi milioni 40 kwa awamu, mnunuzi keshalipa milioni 26, kisha amekosa awamu mbili. Karatasi waliyotia saini inasema kiwanja kitarudi na fedha haziregeshwi. Naona wazi kwamba sentensi hiyo peke yake haimpi muuzaji kiwanja na milioni 26 pamoja. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya 1872, kwanza inatazama kama muda ulikuwa msingi wa makubaliano. Kama haukuwa, kuchelewa kunampa muuzaji haki ya fidia, si ya kuvunja mauzo. Kama ulikuwa, anaweza kuvunja, ila anayevunja anatakiwa aregeshe alichopokea, naye adai hasara yake. Na pale mkataba unapotaja adhabu, mahakama hutoa fidia ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Inaweza kuwa chini yake sana.

Muuzaji atasema: tulikubaliana, na ahadi ni deni. Kweli, na ndiyo maana hasara yake ilipwe: kiwanja kilichofungwa miezi, mnunuzi mwengine aliyeondoka, gharama za kukiuza tena. Hizo aziorodheshe na azithibitishe. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya arubuni. Fedha iliyotolewa mwanzo kama dhamana ya nia, na ikaandikwa hivyo, mahakama zinazofuata sheria ya aina hii huiachia kwa muuzaji ikiwa kiasi chake ni cha wastani. Kwa upande wa fiqhi, wanavyuoni wengi, wa Kishafii wakiwemo, hawaikubali arubuni, Wahanbali wanairuhusu. Lakini milioni 26 katika 40 si arubuni kwa jina lolote. Ni sehemu ya bei.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hulipuuza. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ardhi ni mali ya umma chini ya Rais, na kinachouzwa ni haki ya kuitumia. Uhaulishaji wake, kwa sheria ya 1994, unapita Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Saini ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, haichukui nafasi ya Bodi. Muuzaji asidhani kwamba makubaliano yakionekana batili kwa kutopitia Bodi ndiyo kapata mwanya: hata hapo, aliyepokea faida anatakiwa kuiregesha.

Kwa hiyo, ukiona utakosa awamu, usikimbie wala usiache simu ikiita. Andika barua kabla ya tarehe ya malipo, taja siku utakayolipa, ibaki nakala yenye saini ya aliyeipokea. Kila malipo yawe na risiti inayotaja kiwanja, awamu na kilichobaki. Ukiandikiwa kwamba mauzo yamevunjwa, jibu kwa maandishi ukidai hesabu ya fedha zako, na pasipo maelewano peleka karatasi hizo Mahakama ya Ardhi kabla kiwanja hakijauzwa kwa mtu wa tatu.