Serikali na Maziwa ya Mfugaji Mdogo

Katika likizo ya Aprili niliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri ili nimsaidie mama kukama. Sisi twakaa Kinangop, katika Nyandarua, ambako baridi ya alfajiri huuma masikio. Tuna ng'ombe watatu wa gredi, na wawili kati yao walikuwa wakikamwa wakati ule. Baada ya kukama, kazi yangu ilikuwa kuchukua mkebe kwa baiskeli mpaka mahali pa kukusanyia maziwa, mwendo wa kilomita tatu. Siku moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, lori lilikwama matopeni likafika karibu saa tano. Karani alichota maziwa yetu kidogo, akayachanganya na spiriti, akatikisa, akatazama, kisha akasema, "Rudi nayo, kijana." Maziwa yalikuwa yamefanya madonge. Nikarudi nyumbani na lita kumi na nne.

Karo yangu hutoka katika mkebe ule ule, na nadhani wako wasomaji wengi wa gazeti hili ambao hali yao ni hiyo hiyo. Baba hakukasirika. Aliniuliza tu, "Wewe unayesoma, hebu niambie: serikali humsaidiaje mtu wa maziwa?" Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa kilimo, nikasoma na vitabu nilivyopata katika maktaba. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyojifunza.

Kwanza yafaa tufahamu tabia ya maziwa yenyewe. Mahindi yakikauka vizuri hukaa ghalani miezi mingi, na mwenye mahindi aweza kungoja bei ipande. Maziwa hayangoji. Yatokapo katika kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe, kama nyuzi 38 hivi, na katika joto hilo bakteria huzaana upesi sana. Tuseme bakteria mmoja huwa wawili baada ya nusu saa. Akianza peke yake saa kumi na mbili asubuhi, saa tano watakuwa 1,024. Na katika mkebe hawaanzi mmoja, bali maelfu. Maziwa yakipozwa mpaka nyuzi 4 bakteria hao hulegea, wala hawazaani kwa kasi. Basi mfugaji asiye na pa kupozea hana nguvu mbele ya mnunuzi, kwa maana kila saa inayopita humpunguzia mali yake. Tena ng'ombe hafungiki kama mfereji. Mvua za masika zikinyesha majani huwa tele, maziwa hujaa kila mahali, na bei huanguka wakati ule ule ambapo kazi ni nyingi. Nikaanza kuelewa kwa nini serikali nyingi duniani zimejiingiza katika maziwa kuliko katika mboga au mayai.

Hapa Kenya msaada wa kwanza haukuwa wa watu kama sisi. Mwaka 1925 walowezi wa Kizungu waliunda ushirika wao wa maziwa, KCC, na wakati huo nyanda hizi za juu zilikuwa zimetengwa kwa ajili yao. Ni mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliofungua njia kwa Waafrika wengi zaidi kulima mazao ya kuuza na kufuga ng'ombe wa gredi. Mwaka 1958 ikatungwa sheria ya maziwa, na kwa sheria hiyo ikazaliwa Bodi ya Maziwa ya Kenya, ambayo mpaka leo hutoa leseni na kusimamia biashara hii. Kuanzia 1962 mashamba ya walowezi yakagawanywa kwa wananchi katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Babu alipata kipande chake huku Kinangop kwa mpango huo, kwa mkopo, na ng'ombe wake wa kwanza pia alikuwa wa mkopo.

Lakini kupata ng'ombe ni jambo moja, na kupata bei ni jingine. Palikuwa na utaratibu wa mgawo. Mkulima aliyeweza kuahidi kiasi kile kile cha maziwa mwaka mzima, masika na kiangazi, alilipwa bei ya juu, maana maziwa yake yaliuzwa mjini yakiwa mabichi. Ya wengine yalinunuliwa kwa bei ya chini ya kutengenezea siagi na samli. Kwa maneno ulikuwa utaratibu wa haki, kwa sababu mji unahitaji maziwa kila siku. Kwa matendo, ni mwenye shamba kubwa na akiba ya majani tu aliyeweza kuahidi hivyo. Tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki ilichunguza jambo hili, na katika ripoti yake ya mwaka 1965 ilishauri migawo hiyo iondolewe. Iliondolewa baadaye, na naona huo ulikuwa msaada mkubwa ingawa haukujenga hata kibanda kimoja.

Babu, nilipomwuliza juu ya siku zile, hakutaja tume wala bei. Alitaja josho. Kila juma ng'ombe wa eneo zima walipelekwa wakatumbukizwa katika dawa ya kupe, na karani aliandika idadi yao kitabuni. Kupe ndiye aletaye ndigana, ugonjwa ambao waweza kumwua ng'ombe wa gredi kwa siku chache, hali ng'ombe wa asili mara nyingi huupona. Pamoja na josho palikuwa na uhamilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizohifadhiwa kwa baridi. Kituo cha serikali cha kazi hiyo kilianzishwa Kabete mwaka 1946. Kwa njia hiyo mtu mwenye ng'ombe mmoja aliweza kupata ndama wa fahali bora bila kumlisha fahali, na ada ilikuwa ndogo kwa sababu serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilipunguza mkono wake. Majosho yakaachiwa wenyeji, na mengi yakakauka. La kwetu lingali pale, limeota nyasi ndani, na watoto hulitumia kwa kujifichia.

Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi. Mama aliyanywa, na hata leo akiona pakiti ya pembe tatu hucheka. Nilidhani ilikuwa hisani kwa watoto tu. Mwalimu alinionyesha upande wa pili: serikali ilikuwa imejifanya mnunuzi mkubwa, na mfugaji alipata soko ambalo halikuwapo jana yake. Hatari ya soko la namna hiyo ni kwamba mnunuzi akikosa fedha, mkama maziwa hukosa pia. Mwaka 1992 serikali iliacha kupanga bei ya maziwa, wachuuzi na viwanda vya watu binafsi vikaingia, na KCC ikazidi kudhoofika mpaka ikazama katika madeni mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Wafugaji wengi walikuwa wakiidai. Mwaka 2000 iliuzwa, na mwaka 2003 serikali ikairudisha, ikaitwa New KCC. Rais aliyeirudisha alikuwa Mwai Kibaki, yule yule wa tume ya zamani.

Tuje siku za karibu. Januari 2020, maziwa yalipozidi na bei kuanguka, serikali ilitoa shilingi milioni 500 ili New KCC inunue ya ziada na kuyageuza unga. Hili ni jambo la busara, kwa maana zaidi ya sehemu nane katika kumi za maziwa ni maji, na maji yakiondolewa unga hukaa muda mrefu. Vyama vya ushirika vimepewa matangi ya kupozea maziwa. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba New KCC imlipe mfugaji si chini ya shilingi 50 kwa lita.

Baba aliposikia tangazo la shilingi 50 alifurahi kama watu wengine. Mimi, baada ya kusoma, nina shaka kidogo, na naomba wakubwa wanisamehe. Bei hiyo humfaa yule ambaye maziwa yake yamefika na kukubaliwa. Lita zangu kumi na nne hazikuuzwa kwa shilingi 50, wala 45, wala kumi. Mama alizigeuza mala, tukanywa tukachoka, na jirani wakapata. Kama ningeulizwa nichague, ningechukua tangi moja la kupozea karibu na kwetu kabla ya shilingi tano za nyongeza. Na malipo yawe ya siku inayojulikana, kwa sababu chama kimoja tulichokiuzia zamani kilitukalisha miezi mitatu, na muda huo wote mwenye duka la chakula cha ng'ombe hakukubali kutukopesha.

Siku ya wazazi nilimsomea baba karatasi hizi chini ya mti ulio karibu na bwalo. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini. Kisha akasema, "Ni vizuri, lakini umesahau barabara. Hilo tangi lako, lori litalifikiaje?" Nilikuwa nimeandika juu ya matope katika fungu la kwanza, na bado nimesahau. Halafu akaniambia kwamba ng'ombe wa tatu amezaa mtamba, na kwamba karo ya muhula huu amelipa nusu.