Umeme Tuli Kwenye Mashine Kuukuu ya Kufungashia Unga

Katika somo la leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wenzetu wanaosaga na kufungasha unga vijijini. Jambo hilo ni umeme tuli.

Mwezi wa Agosti tulikitembelea kikundi kimoja cha kina mama mkoani Dodoma. Kikundi hicho kina mashine ya kusaga. Kina pia mashine kuukuu ya kufungashia, ambayo ilinunuliwa kwa mtu. Mashine hiyo huvuta nailoni kutoka kwenye rola kubwa, huikunja iwe mfuko, hutia unga, kisha huuziba mfuko kwa joto na kuukata.

Tulikuta ugomvi. Mifuko mingi ilikuwa inavuja kwenye mshono. Wenye maduka walikuwa wameanza kuirudisha. Wanakikundi wakasema, "Wazembe ni hawa wawili wa zamu ya mchana. Mbona mifuko ya asubuhi ni mizuri?" Basi kina mama hao wawili wakasimamishwa kazi. Wao walijitetea wakisema, "Jamani, sisi tunafanya kama siku zote. Mashine inatupiga shoti, na unga unapanda wenyewe ukutani mwa mfuko." Hakuna aliyewasikiliza.

Je, kina mama hao walisema kweli? Tusome, halafu tuamue.

UMEME TULI NI NINI?

Tufanye jaribio dogo. Chukua kalamu ya plastiki. Isugue kwenye nywele kavu mara nyingi. Sasa isogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona karatasi zinarukia kalamu na kunata.

Kila kitu kina chaji za aina mbili, chanya na hasi. Kwa kawaida zinalingana. Vitu viwili vikigusana au kusuguana kisha vikiachana, kimoja huondoka na chaji hasi zaidi, na kingine hubaki na pungufu. Chaji hizo zikikaa mahali pamoja bila kutembea, huitwa umeme tuli.

Nailoni ya mashine hufanya hivyo hivyo. Inafunguka kutoka kwenye rola na kupita juu ya vyuma vingi. Kila inapoachana na kitu, inapata chaji. Nailoni haipitishi umeme, kwa hiyo chaji haina njia ya kutoka. Inakaa pale pale.

KWA NINI MIFUKO INAVUJA?

Nailoni yenye chaji huvuta vumbi la unga, kama kalamu ilivyovuta karatasi. Unga hunata mahali pa kuziba. Mashine ikibana, nailoni haikutani na nailoni. Inakutana na unga. Mshono unakuwa dhaifu, na baadaye unaachia. Unyevu na wadudu wanaingia. Mlaji anapata hasara, na kikundi kinapoteza jina.

Na kwa nini mchana tu? Asubuhi hewa huwa na unyevu kidogo, na unyevu husaidia chaji kupotea. Mchana wa kiangazi hewa ni kavu, kwa hiyo chaji zinajaa.

Tena kuna hatari ya mwili. Mtu akipigwa shoti hushtuka na kurusha mkono. Karibu yake kuna kisu na vyuma vya moto.

TUFANYE NINI?

Kwanza, hakikisheni ni umeme tuli kweli. Kama mshono hauna unga lakini bado unaachia, huenda joto halitoshi. Kama unga umenata, na vipande vya karatasi vinarukia nailoni, basi ni umeme tuli.

Pili, fundi umeme apime waya wa ardhi. Mashine nyingi kuukuu zina waya uliokatika au uliolika kwa kutu. Kila sehemu ya chuma iunganishwe na ardhi. Lakini tukumbuke kwamba waya wa ardhi huondoa chaji kwenye chuma. Hauondoi chaji iliyo kwenye nailoni, maana nailoni haipitishi umeme.

Tatu, ipo brashi ya nyuzi nyembamba zinazopitisha umeme. Hufungwa karibu sana na nailoni na kuunganishwa na waya wa ardhi. Bei yake ni nafuu, na haihitaji umeme wa kuiendesha. Inapunguza chaji, lakini haimalizi.

Nne, kipo kifaa chenyewe cha kuondoa umeme tuli. Ni ufito wenye safu ya sindano ndogo. Ufito huu una transfoma inayochukua umeme wa kawaida na kuupandisha hadi volti elfu kadhaa. Kwenye ncha za sindano, hewa hugeuka kuwa chembe zenye chaji, ziitwazo ioni. Nyingine ni chanya, nyingine ni hasi. Nailoni huvuta zile inazozihitaji, nayo chaji yake inakwisha.

KUFUNGA UFITO KWENYE MASHINE KUUKUU

Mashine kuukuu haikutengenezewa nafasi ya ufito. Lakini unaweza kufungwa. Fundi azingatie haya:

1. Ufito ukae baada ya rola ya mwisho, kabla nailoni haijakunjwa kuwa mfuko. Ukifungwa nyuma zaidi, rola zinazofuata zitarudisha chaji.
2. Uelekee mahali ambapo nailoni inapita hewani. Usielekee pale nailoni inapolalia chuma.
3. Umbali kutoka kwenye nailoni mara nyingi ni sentimita 2 hadi 5. Karatasi ya maelezo ya kiwanda ndiyo yenye neno la mwisho.
4. Ufito na transfoma viunganishwe na waya wa ardhi ulio mzima.
5. Uwashwe na kuzimwa pamoja na mashine.
6. Sindano zisafishwe mara kwa mara kwa brashi laini. Zikijaa unga hazifanyi kazi. Zimeni umeme kwanza!

ONYO KUBWA

Vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka likipata cheche. Mnamo tarehe 2 Mei 1878, kinu kikubwa cha unga kililipuka katika mji wa Minneapolis, Marekani. Watu 18 walikufa. Kwa hiyo ufito wa kawaida usifungwe mahali penye vumbi jingi, kama karibu na mdomo wa kumimina unga. Kabla ya kununua, mwambieni muuzaji kwamba mnafungasha unga, awape aina iliyoruhusiwa kwa mahali penye vumbi. Fagieni vumbi kila siku. Zibeni mianya inayomwaga unga.

Wengine humwaga maji sakafuni ili hewa ipate unyevu. Tusifanye hivyo. Unga utaota ukungu, na maji karibu na umeme huua.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Fundi alipofika, alikuta waya wa ardhi umekatika chini ya mashine. Aliuunga. Shoti ikakoma, lakini unga uliendelea kunata kiasi. Ndipo kikundi kikachangishana na kununua ufito mmoja wa aina ifaayo. Mifuko ya mchana ikawa sawa na ya asubuhi. Kikundi kiliitisha mkutano, kikawaomba radhi kina mama wale wawili, nao wakarudi kazini.

Ndugu wasomaji, kazi ikiharibika tusikimbilie kumlaumu mtu. Tumsikilize anayeshika mashine kila siku. Yeye ndiye wa kwanza kuujua ugonjwa wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mifuko ya mchana ilivuja kuliko ya asubuhi?
2. Kwa nini waya wa ardhi peke yake hautoshi?
3. Ufito ufungwe sehemu gani ya mashine? Toeni sababu.
4. Je, katika kikundi chenu, mtu akilalamikia mashine anasikilizwa?