Senene wa Kahororo na Fedha za Halmashauri

Swali: Sisi akina mama wa Kahororo twakaanga senene na kuwauza. Je, Serikali yatusaidia fedha, au ni kwa matamasha tu?

Jibu: Naam, bibi mheshimiwa, msaada upo. Tangu 2018 sheria imezilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, zikopeshwe vikundi bila riba. Basi mwendeeni afisa maendeleo ya jamii mkasajili kikundi. Tamasha kama Ijuka Omuka hapo Bukoba nalipenda kwa dhati, lakini ni soko la siku chache, ilhali senene walionyonyolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa chumvi hata wakakauka, huuzika muda mrefu. Kwa hiyo mkopo wenu, kwa rai yangu, utangulie kwenye makaango na vifungashio.