Mvua Ikinyesha Dagoretti, Mukuru Ijiandae

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, mvua kubwa ilinyesha jijini Nairobi. Mito ilivunja kingo na maji yakaingia katika nyumba za wakazi wa Mathare, Mukuru na mitaa mingine, wengi wakiwa usingizini. Kufikia katikati ya Mei mwaka huo, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 280 kote nchini. Katika toleo hili tunaeleza jinsi dhoruba inavyoundwa, kwa nini maji hufika Mukuru kwa Njenga kwa kasi, na hatua ambazo kila mkazi anaweza kuchukua.

DHORUBA HUUNDWA VIPI?

Dhoruba huhitaji mambo matatu: unyevu, joto na hewa inayopanda juu. Unyevu wetu mwingi hutoka Bahari Hindi. Kati ya Machi na Mei, pepo za kutoka kaskazini na kusini hukutana katika eneo letu la ikweta. Zikikutana, hewa hukosa pa kwenda ila juu.

Jua la mchana huongeza nguvu. Ardhi, lami na mabati hupata moto, na hewa iliyo karibu nayo huwa nyepesi na kupaa. Ikifika juu hupoa, na mvuke wake hugeuka matone, kama mvuke wa sufuria unavyogeuka maji kwenye kifuniko. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo husukuma hewa juu zaidi. Ndiyo sababu wingu la dhoruba hukua kama mnara wa zaidi ya kilomita 10. Huko juu chembe za barafu hugongana na kuzalisha umeme wa radi.

Matone yakiwa mazito huanguka, yakishuka pamoja na hewa baridi. Ule upepo wa ghafla unaopeperusha vumbi na kugongagonga mabati ndiyo hewa hiyo. Ukiuhisi, mara nyingi zimebaki dakika chache tu.

KWA NINI MAJI HUTUFIKIA KWA KASI?

Dhoruba hutengenezwa angani, lakini mafuriko hutengenezwa ardhini. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina paa la takriban mita mraba 9. Kwa hivyo mvua ya milimita 50 hushusha karibu lita 450 kutoka kwa paa hilo moja, yaani zaidi ya mitungi 22 ya lita 20. Zidisha kwa vyumba vyote vya ploti yako. Maji hayo yote hutafuta kichochoro kimoja na mtaro mmoja, nao udongo wetu mweusi wa mfinyanzi ukishalowa hunyonya maji polepole sana.

Jambo la pili ni Mto Ngong. Maji yake huanzia upande wa Dagoretti kama Mto Motoine, hupita Kibera, Bwawa la Nairobi na Eneo la Viwandani, kisha hufika Mukuru. Mto unaweza kujaa huku kwetu hakujaanguka tone. Ukiona wingu zito na radi upande wa magharibi, usisubiri mvua igonge bati lako.

KABLA YA MVUA

• Fuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Tahadhari ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24 ni ya mvua kubwa.
• Weka vitambulisho, vyeti na kadi za kliniki katika chombo cha plastiki chenye kifuniko, mahali pa juu.
• Kubalianeni na majirani: nani atambeba mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu? Mtakutana wapi palipoinuka?
• Zibueni mtaro wa ploti, na taka mlizotoa msizirundike kando. Mvua ya kwanza itazirudisha.

MAJI YAKIANZA KUPANDA

• Toka mapema na watoto. Usirudi kuchukua televisheni wala godoro.
• Zima umeme ikiwa tu umesimama pakavu na mikono yako ni mikavu. Usiguse nyaya zilizoanguka; za sambaza huua hata kwenye maji ya kifundo cha mguu.
• Usivuke maji yanayokimbia. Kina cha sentimita 15 kinaweza kumwangusha mtu mzima, na cha sentimita 60 hubeba gari.
• Ukisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukupiga. Kaa ndani, au nenda kwenye jengo imara ikiwa maji yamekutoa nyumbani.

BAADA YA MAFURIKO

Maji ya mafuriko huchanganyika na ya vyoo vya shimo na huingia kwenye mabomba yaliyopasuka. Hapo ndipo kipindupindu na homa ya matumbo hupata nafasi. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya klorini, na utupe chakula kilichoguswa na maji hayo. Anayehara sana apewe maji yenye chumvi maalumu (ORS) na afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuzibua mitaro mikuu ni wajibu wa kaunti. Mtaro wa mtaa wenu ukiziba, ripoti kwa ofisi ya msimamizi wa wadi sasa, kabla ya mawingu kukusanyika, na ufuatilie hadi kazi ifanyike. Katika dharura piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa nambari 1199.