Neno "Kinga" katika Maelezo ya Tiba Mpya ya Saratani: Mfano wa Bomet na Kericho

Makala haya yanachunguza jinsi tiba inayotumia kinga ya mwili dhidi ya saratani inavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa mgonjwa wa Bomet au Kericho anayeombwa ridhaa ya kushiriki katika utafiti. Eneo hili la majani chai halikuteuliwa kwa kubahatisha. Mwaka 2002, madaktari wa Hospitali ya Tenwek walieleza katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio ilikuwa ikiwapata hata vijana wa Bomet. Chanzo kingali kinachunguzwa. Chai ya moto sana na mursik ni miongoni mwa vinavyoshukiwa. Wagonjwa wengi hufika hospitalini chakula hakipiti tena, nao huwekewa mrija umioni ili waweze kumeza.

Tiba yenyewe ina mantiki nyepesi. Chembechembe nyeupe za damu zina vizuizi vinavyozikataza kuushambulia mwili wenyewe, na saratani hujificha nyuma ya vizuizi hivyo. James Allison na Tasuku Honjo walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba vikiondolewa, kinga huikabili saratani. Mwaka 2019, Marekani iliidhinisha dawa ya namna hii, pembrolizumab, kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya umio.

Tatizo la kiisimu huanzia kwenye istilahi. "Tibakinga", likiundwa kwa mtindo wa "tibakemikali", ni neno fupi na sahihi kimofolojia. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku "kinga" ni kuzuia kabla ya kuugua. Ndiyo maana methali huitenga na tiba. Mgonjwa anaweza kudhani anapewa chanjo. Aidha, tangu kuenea kwa kifupisho UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, neno hilo likitajwa hospitalini huzua hofu nyingine kabisa. Isitoshe, kwa wengi wa wasomaji wa fomu hiyo Kiswahili si lugha ya kwanza, bali Kipsigis.

Kosa hili lina gharama. Kinga iliyofunguliwa huweza kuushambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo. Aliyeelewa kwamba "amekingwa" hataona sababu ya kurudi hospitalini upesi akiharisha au akikosa pumzi, ilhali dalili hizo zaweza kumuua.

Maelezo yanayofaa zaidi ni ya breki: dawa huzifungua breki za askari wa mwili. Istilahi hii si ya kisomi, na huenda wapo wahadhiri watakaoikunjia uso. Lakini mkazi wa Kericho aliyewahi kuona lori lililosheheni majani chai likiteremka mlima anajua breki ikiachiliwa hupatikana nguvu na hatari kwa pamoja. "Kinga" humpa usalama tu. "Tibakinga" na ibaki kamusini na kwenye kichwa cha fomu. Aya ya kwanza chini yake ianze na breki, na ya pili itaje kuharisha na kukosa pumzi kwa majina hayo hayo.