Mnara Ukizimika: Mafunzo Niliyopata Mpakani Rusizi II

Baada ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini humo kwa karibu wiki 3. Wakazi wengi wa mpakani walitegemea laini za Rwanda. Tangu hapo nimekuwa nikishughulikia mitandao isiyohitaji mnara wowote, ambayo simu zenyewe hupokezana ujumbe kwa bluetooth au waifai hadi umfikie kila mwanakikundi. Mafunzo haya nimeyapata kwa wachuuzi wanaovuka daraja la mpakani la Rusizi II kati ya Kamembe, Rwanda, na Bukavu, Kongo.

1. Kumrushia kila mtu ni kuziba njia

Kila simu ikirudia kila inachopokea, foleni ya mpakani inakuwa balaa: bei moja ya nyanya inarushwa na simu zote kwa mpigo, mawimbi yanagongana na betri zinakwisha. Mwaka 1999 watafiti wa Taiwan waliliita tatizo hili dhoruba. Dawa yake ni kuwa na wapokezi wachache wanaopeleka ujumbe kwa niaba ya wengine.

2. Wavu hudumu kuliko mti

Utaratibu uitwao MAODV hupanga kikundi kama mti, yaani kati ya simu mbili kuna njia moja tu. Aliye katikati akivuka daraja, wote waliomtegemea wanakatika hadi tawi liungwe upya. ODMRP, uliobuniwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, husuka wavu wenye njia kadhaa. Nakala za ujumbe huongezeka, lakini mahali ambapo watu hawatulii, gharama hiyo ni halali.

3. Njia ihuishwe kila mara

Katika ODMRP, mtumaji mwenye ujumbe huuliza tena na tena nani bado yumo. Majibu yanaporudi, ndiyo yanayochora njia mpya. Anayetaka kujitoa huacha tu kujibu. Utaratibu huu unawafaa wachuuzi, maana anayemaliza mzigo hurudi nyumbani bila kuaga.

4. Miguu ni sehemu ya mtandao

Bluetooth ya simu za kawaida hufika mita 10 hivi, nayo mabonde ya Rusizi hayasaidii. Nilimshuhudia mama anayeuza samaki waitwao sambaza akivuka, simu ikiwa kwenye mkunjo wa kitenge. Alipotua beseni upande wa Bukavu, bei aliyokuja nayo iliingia kwenye simu ya mwenzake bila yeye kubonyeza kitu. Programu ya Briar, inayotumika kwenye simu za Android, hufanya hivyo: hutunza ujumbe mpaka simu mbili zinazojuana zikutane.

5. Kujuana kutangulie shida

Briar hufunga ujumbe kwa siri na kuupitisha kwa waliounganishwa tu. Wanaokutana ana kwa ana huunganishwa kwa kila mmoja kupiga picha ya alama ya QR iliyo kwenye simu ya mwenzake. Hata programu yenyewe inaweza kutoka simu hadi simu bila intaneti.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na kikundi cha akiba, cha ushirika au cha soko, tengeni muda wiki hii. Sakinisheni programu, unganishaneni, zimeni data na mtumiane ujumbe mkivuka huku na huku. Fanyeni hivyo mnara ukiwa bado unawaka.