Sura Ibaki ya Mwenyewe: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Butembo na Beni

Mwongozo huu ni wa wanaokula kwa kamera Butembo na Beni: wenye studio, vijana wanaopiga kwa simu, na wanamitindo wanaosimama mbele yao. Unahusu picha ya sura inayopigwa kwa mwanga wa kawaida na kuhaririwa kidogo. Wateja wa kazi hii wapo: washonaji wa vikwembe, saluni za nywele, wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa walizozitoa Dubai na Guangzhou, na vijana wanaotafuta kazi za mitindo Goma au Kampala. Hao vijana ndio wanaoumia zaidi picha ikipambwa kupita kiasi. Mwajiri humwita mtu aliyemwona pichani. Akifika mwingine, nauli imeliwa bure.

Mwanga

Miji hii miwili iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na hupanda wima, karibu nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi haukai. Kufikia saa mbili na nusu, macho ya anayepigwa picha yameanza kuzama kivulini. Mwanamitindo afike saa kumi na mbili na nusu akiwa amekwisha kusuka na kujipaka. Kuanzia saa nne hadi saa tisa asisimamishwe juani hata kidogo. Butembo, iliyo juu ya mita 1,700, hupata asubuhi nyingi za ukungu na mawingu. Hizo ni asubuhi za kazi, na wanaozipoteza wakingoja jua hushangaza.

Mchana, tumia mlango. Mketishe mtu ndani, hatua moja nyuma ya kizingiti, mahali jua lisipomgusa, uso ukielekea nje. Wewe simama nje kando kidogo ili usizibe mwanga. Sasa tazama mboni zake. Ukiona ndani yake umbo dogo jeupe la mlango, mwanga umefika. Usipoliona, mwombe ainue kidevu au asogee mbele. Shavu la upande wa giza likizidi kuwa zito, msaidizi ashike shuka jeupe upande huo. Kisha angalia chini. Udongo mwekundu hurusha rangi yake chini ya kidevu, na ukuta wa kijani hutia kijani shavuni. Kutandika mkeka mbele ya kiti ni kazi ya dakika moja. Kuiondoa rangi hiyo kwenye kompyuta huweza kula jioni nzima.

Kamera haijui ngozi. Inakisia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, ndiyo maana mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe hutoka amezama, na mbele ya pazia jeusi hutoka amepauka. Pima mwanga kwenye shavu, si kwenye ukuta. Kwenye simu, gusa shavu na ushikilie mpaka kipimo kifunge, ndipo upige. Tatizo hili lina historia. Kadi za Kodak ambazo maabara zilitumia kusawazisha rangi, maarufu kama kadi za Shirley, kwa miaka mingi zilionyesha mwanamke mzungu. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kwenye simu, Google ilitangaza marekebisho ya ngozi nyeusi mwaka 2021 kwa Pixel 6, lakini simu nyingi bado zina kipodozi cha uso ndani ya kamera, wakati mwingine kikiwa kimewashwa tangu dukani. Kizime kabla ya kitu kingine chochote.

Usimkaribie mtu kwa lenzi pana ya simu. Pua hukua na masikio hurudi nyuma. Rudi hatua mbili, tumia lenzi ya mara 2. Mwenye kamera atumie milimita 50 hadi 85.

Kuhariri

Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpigia mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Ukosi, mikono na kitambaa cha nyuma vilipangwa kwanza. Anayepanga hivyo hana mengi ya kuhariri.

Kipimo cha kazi ni hiki: kinachopona ndani ya wiki mbili, kiondoe, kinachodumu, kiache. Chunusi, uzi ulioning'inia, rangi ya mdomo iliyogusa jino, alama ya mto shavuni, vyote viende. Kovu, chale, doa la kuzaliwa, mwanya na makunyanzi vibaki. Mwenyewe akiomba kovu lipunguzwe, lipunguze, lakini lionekane. Usilainishe ngozi mpaka vinyweleo vipotee: kuza picha mpaka ukubwa wake kamili, na usipoviona rudi nyuma.

Rangi ya ngozi haiguswi. Mteja akisema, "Yaya, unitie mwangaza kidogo," mara nyingi anataka uso usiwe na kivuli, na hilo linatendeka kwa kuinua mwanga wa picha nzima. Linganisha uso na shingo na mikono. Vikitofautiana, umeanza kumchubua. Krimu za kuchubua zinauzwa sokoni tayari. Studio haina sababu ya kushindana nazo.

Makubaliano

Andika nusu ukurasa, uusome kwa sauti kwa Kiswahili au Kinande: picha itatumika wapi, kwa muda gani, na nani. Sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mpiga picha, lakini Katiba ya Kongo, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Kumiliki faili si ruhusa ya kuitangaza sura. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009, hivyo mzazi aweke sahihi na awepo. Usimguse mtu kumpanga. "Mama, naomba ushushe bega la kushoto" inatosha. Brashi ya poda ioshwe kabla ya uso wa pili. Miji iliyopitia Ebola ya 2018 hadi 2020 haihitaji kuelezwa kwa nini.

Jimbo la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Kabla ya kupiga kwenye Rue Président de la République au Boulevard Nyamwisi, mjulishe mkuu wa mtaa, na hakikisha nyuma ya mwanamitindo hakuna askari, kizuizi, daraja wala mnara. Zima alama ya mahali kwenye simu. Mwanamitindo aliyekimbia vita, jina la kijiji chake na nyumba anamolala visionekane popote.

Malipo yatolewe siku hiyohiyo, kabla mtu hajaondoka. Mkikubaliana alipwe kwa picha badala ya pesa, andikeni idadi yake na tarehe ya kuzikabidhi.